Aliyemezwa na Dar es Salaam

Walianza kuezua paa Fausta akiwa bado ndani. Nyasi zilimwangukia mabegani, na jua, ambalo halikuwahi kuingia chumba kile tangu kijengwe, likatua juu ya kitanda chake. Kijana mmoja wa mgambo alichungulia kutoka juu, akaona aibu, akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Fausta, maana adabu ni adabu hata kwa anayekubomolea nyumba.

Ilikuwa Septemba 1974. Watu wote wa bonde lile walikwisha kuhamia kijiji kipya cha ujamaa, karibu na stesheni ya Kidete. Alikuwa amebaki yeye na mtama wake, na nyani waliokuja kuula mchana kweupe kwa kuwa hapakuwa na wa kusaidiana naye kuwafukuza. Miezi sita mizima hakuzungumza na mtu isipokuwa Timotheo, mwenyekiti wa kijiji, aliyepanda mlima kila Jumatatu kumsihi ahame. Timotheo alimweleza habari za bomba la maji, za zahanati, za shule. Fausta alimsikiliza mpaka mwisho, akampa togwa, akakataa.

Sababu yake waliijua wote. Mwaka wa Uhuru mumewe, Mathias Mlewa, aliaga kwamba anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi bandarini. Akipata chumba atamwita yeye na mtoto. Alibeba kifurushi kimoja, akakataa kusindikizwa hadi stesheni. Barua haikuja. Fausta alimuuliza kila aliyerudi kutoka Dar, makuli, walimu, hata padri. Hakuna aliyemwona. Basi akaamini kwamba mji ule unammeza mtu mzimamzima, kama chatu na mwanambuzi. Lakini kama siku moja ungemtapika, angerudi kwenye mlango anaoujua. Ndiyo maana hakutaka kuuacha.

Binti yao, Sesilia, alilelewa kwa maneno hayohayo: shamba linakuchosha, lakini jioni linakurudisha kwako, mji unakuchekea, kisha hajulikani aliyekuzika. Hata hivyo alipotimiza miaka kumi na minane alikwenda, akapata kazi katika kiwanda cha nguo na chumba chenye umeme. Mwezi Machi mwaka huu wa 1974 alirudi na khanga mpya na tiketi mbili za treni.

"Mama, umebaki na nani huku?" alisema. "Kule majirani tuko ukuta kwa ukuta. Hutashinda kimya hivi."

"Baba yako alikwenda huko."

"Na mimi nilikwenda. Nimerudi kukuchukua."

Fausta alimwambia achague, Dar au mama yake. Akiondoka mara hii asirudi, wala asiandike. Sesilia alikaa kizingitini mpaka jua likapinda, akilia bila sauti. Kisha akaiweka khanga juu ya kinu, akashuka mlima peke yake. Alitii: hakurudi wala hakuandika. Fausta alijiambia kwamba ni afadhali kumpoteza mtoto kwa neno lake mwenyewe kuliko kungoja mji umchukue. Alijiambia hivyo kila jioni, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwambia.

Paa lilipokwisha, mgambo walimbebea kinu, vyungu na kitanda. Timotheo alimshika mkono. Fausta alimwomba jambo moja tu, aandike ukutani kwa mkaa: FAUSTA YUKO KIDETE. Timotheo aliandika kwa herufi kubwa, naye Fausta akapanda lori bila kugeuka nyuma.

Kijijini nyumba zilipangwa kwa mistari kama mahindi. Malori yalishusha watu wa mtoni, wa mabondeni, wa ng'ambo ya mlima, wote wageni kwake. Waliambiwa waketi mpaka katibu asome orodha na kumpa kila mmoja kitalu chake. Fausta alisikia wanawake wakitwanga, watoto wakigombana, mtu akikohoa. Hakujua kwamba alikuwa ameyatamani mambo hayo kiasi kile.

Kando yake aliketi mwanamke kijana na watoto wanne, mkubwa kama wa miaka kumi na miwili. Alimkaribisha maji, akajitaja kwa jina la Paulina, wa ng'ambo ya mlima. Mume wake alikuwa nyuma ya lori akishusha mbuzi. Mdogo wa wale watoto akajilaza mapajani mwa Fausta bila kuuliza, akasinzia.

"Na mumeo wewe, mama, yuko wapi?" Paulina aliuliza.

"Alimezwa na Dar. Miaka kumi na mitatu sasa."

"Pole, mama. Mji mbaya." Paulina alitikisa kichwa. "Wangu mimi hata Kilosa mjini hataki kwenda. Tangu tuoane hajapanda treni."

"Una bahati," alisema Fausta. Akampapasa mtoto kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu Machi aliwaza kwamba labda angemwomba Timotheo amwandikie barua Sesilia. Siyo ya kumwita. Ya kumsalimu tu.

Katibu alipanda juu ya kiti, akaanza kusoma. Watu waliitika mmoja mmoja, wakaenda kuonyeshwa mahali pao.

"Mathias Mlewa. Mke mmoja, watoto wanne. Kitalu namba kumi na saba."

"Nipo, ndugu katibu," iliitika sauti kutoka nyuma ya lori, sauti ambayo Fausta angeitambua hata usingizini.

Paulina aliinuka, akamwinua mwanawe taratibu kutoka mapajani mwa Fausta. "Ndiye huyo mume wangu," alisema. "Njoo umsalimie, jirani."