Upana wa Kidole

Binti aliyekaa kwenye meza ya video, kando ya ulingo, alirudisha picha mara ya tatu. Kati ya glavu na kidevu ilibaki nafasi ya upana wa kidole. Bondia aliteleza tu kwenye jasho, lakini mwamuzi alikuwa amemhesabia kuwa ameangushwa.

Mwamuzi huyo alikuwa baba yake, na hilo ndilo lilikuwa pambano lake la mwisho kabla ya kustaafu.

"Unaona nini?" baba aliuliza, akiinama juu ya kamba.

Binti alimgeuzia skrini. "Umekosea, baba. Ameteleza."

Mzee alinyoosha tai yake, akageuka, akaifuta hesabu ile mbele ya ukumbi mzima. Kisha akarudi kwenye kamba, uso umekunjuka.

"Macho hayo ni ya mama yako," alisema. "Yule hata leo siwezi kumpiga chenga."