Doriani ya Mjamzito

Bi Thuwaiba aliitikisa doriani ya tatu karibu na sikio, kokwa zikagonga ndani, akacheka peke yake. Wapagazi wa msafara wa bara walipita wameziba pua kwa harufu kali ya tunda hilo. Shauri yao.

Doriani zilivushwa Bagamoyo kutoka Unguja, na zilipofika mjane huyu hakumtuma mtu sokoni. Alivaa barakoa yake akaja mwenyewe. Leo ndiyo zaidi, kwani alasiri kijana aitwaye Hamoudi, ambaye hajawahi kumwona, angekuja na mjomba wake kumposa Sabah, binti yake wa pekee. Kumtoa mwanawe kwa mtu asiyemjua kulimnyima usingizi. Basi angewaandalia doriani: mwanamume atakayekunja pua, aende zake.

"Ya Kidichi tamu, ila nyama kiduchu," alimwambia Mwinyijuma, muuzaji. "Ya Mwera nyama tele, lakini haina ule uchungu wa mwisho. Hii ya Bububu ndiyo yenyewe."

"Na imebaki hiyo moja tu, Bibi."

Bi Thuwaiba akaifunga utepe wake mwekundu wa kubebea, maana miiba ile haina adabu.

Hapo akatokea kijana, anahema. "Shikamoo, mama. Mzee, nionjeshe kwanza nichague."

"Kwangu haikatwi kabla ya kulipiwa," alisema Mwinyijuma.

"Ni ya mke wangu. Ana mimba, ametamani doriani."

Uso wa mzee ukalainika. Tamaa ya mjamzito, nani angethubutu kuizuia? Kisu kikapita. Kijana akaonja ya Kidichi, akaonja ya Mwera, akalamba vidole, akairudia ya Kidichi. Bi Thuwaiba akaona raha isiyo kifani. Mume anahangaika hivi kwa ajili ya mkewe!

"Mimba ya miezi mingapi, mwanangu?"

"Minne, mama."

"Anapenda tamu tupu, au yenye uchungu kidogo?"

"Nitajuaje, mama? Nataka iliyo bora kuliko zote. Nikikosea leo nimekwisha. Mwanamke wa miezi sita hana subira."

Minne, sita! Wanaume na hesabu za mimba! Bi Thuwaiba alicheka hata barakoa ikacheza. Kabla hajajizuia, akamkabidhi ile ya Bububu, pamoja na utepe wake. Kijana akalipa, akamwombea dua ndefu, akaondoka mbio.

Bi Thuwaiba alirudi nyumbani mikono mitupu, moyo umejaa. "Mola wangu," aliomba njia nzima, "mpe Sabah mume kama yule."

Alasiri alikaa nyuma ya pazia na binti yake. Mgongo mpana wa Azzan, kaka wa Bi Thuwaiba, aliyewapokea wageni, uliziba upenyo wote. Hakuona mtu, akabaki kusikiliza.

"Kijana wetu hajapata kuoa," mjomba wa mposaji alikuwa akisema, "na ulimi wake haujui uongo. Kasikia mama mwenye nyumba ni mpenzi wa doriani, basi kamletea."

Sinia likapenyezwa pembeni mwa pazia. Juu yake ilikaa doriani, imefungwa utepe mwekundu.

Bi Thuwaiba akaikodolea macho. Kisha akasafisha koo.

"Mwanangu Hamoudi," akaita, "mkeo sasa ana miezi mingapi?"