Fundi wa Namanyere

Mtandao wa ghala la mbegu uliganda tena, mara ya tatu asubuhi hiyo, na Rozina akaona cheo kinamponyoka. Meneja Ambilikile alikuwa ameahidi: ukitengemaa kabla ya saa sita, yeye ndiye mkuu wa mafundi. Usipotengemaa, atatafutwa mwingine.

Tatizo alilijua. Swichi za ghala, vile visanduku vya kuunganisha kompyuta, za Sumbawanga na za Namanyere, hutumiana salamu ili zichague mkubwa wao, na kwa kumfuata huyo huziba njia zisizohitajika. Lakini salamu zikifika kwenye nyaya za kampuni ya kina Rozina, iliyoziunganisha ofisi hizo mbili, zilitupwa. Kila upande ukajichagulia mkubwa wake, na data ikawa inazunguka tu bila kufika. Ilibidi lifunguliwe handaki, yaani njia maalumu ndani ya mtandao ya kuzipitisha salamu hizo, kwenye ncha zote mbili.

Ncha ya Sumbawanga alishaimaliza. Namanyere kulikuwa na fundi mpya, Mzee Ndalahwa, ambaye hakuna mtu ofisini aliyewahi hata kuisikia sauti yake. Ambilikile akamwandikia namba kwenye karatasi, kwa mwandiko wake wa ajabu, ambao moja na saba hufanana. Rozina akapiga, spika wazi.

"Shikamoo, Mzee Ndalahwa."

"Marahaba, binti."

"Upo tayari?"

"Nipo."

"Basi fungua handaki kwenye poti ya tatu."

Jogoo akawika upande wa pili.

"Tayari, mzee?"

"Tayari, binti."

"Taa zinawaka?"

"Zinawaka vizuri tu."

Na kweli! Hazikupita dakika mbili, Adela wa ghalani akapiga simu akishangilia: kompyuta zote zinakwenda. Rozina alitamani kucheza.

Ambilikile hata hakumtazama. "Umemsikia yule? Wewe tangu asubuhi unahema, mwenzio anajibu neno moja moja." Akaichukua simu ya Rozina, akapiga namba ileile, akatoka nayo nje. Alirudi meno yote nje. "Miaka arobaini kazini! Amekubali. Jumatatu anaanza, ndiye mkuu wako."

Rozina aliumia, tena sana. Machozi yakamlengalenga. Simu ikaita, namba ngeni.

"Dada Rozina? Ndalahwa hapa, Namanyere. Nimengoja simu yako nikachoka, nikaamua kulifungua handaki mwenyewe kwa maelekezo uliyoniandikia jana kwenye barua pepe. Vipi, imekubali?"

Rozina akapiga haraka ile namba ya kwenye karatasi. "Mzee, samahani sana. Kwani wewe ni nani?"

"Mimi Eustaki, binti, wa huku kijijini Kate. Nilikuwa navuna ulezi wangu, nikaona aibu kukukatalia." Akakohoa kidogo. "Sasa hiyo Jumatatu, nije na jembe langu, au ofisi ina majembe yake?"