Siku ya Saba Mombasa

Safari ya kuvuka mpaka kwenda Mombasa ilikuwa ya juma zima, na mume aliigawa kwa haki: siku tatu kwa Mwanamvua, mke mkubwa, na tatu kwa mke mdogo. Ya saba ingekuwa ya watoto, kwenye pembea za umeme.

Mwanamvua aliridhika mpaka alipoiona picha ya pembea hizo waliyoletewa na shemeji yao. Lilikuwa gurudumu refu kuliko mnazi, lenye viti vya kuning'inia.

"Kiti kimoja kinachukua wangapi?" aliuliza.

"Wawili," alisema mume.

Mke mdogo aliweka kidole kwenye kiti cha juu kabisa. Hina yake ilikuwa mbichi bado, ikaacha doa. "Hapa mimi na bwana. Wewe bi mkubwa hata kitanda cha samadari unakipanda kwa kushika ukuta."

Mume alicheka. Kicheko kile ndicho kilichomchoma.

Mwanamvua alitoka nje, uani. Ngazi ya fundi wa makuti ilikuwa imeegemea paa. Alijifunga kibwebwe, akaipanda. Majirani wa mtaa wao wa Dunda wakainua vichwa. Kwenye kidato cha sita alifumba macho.

"Bwana we!" aliita. "Njoo unipimie! Hilo gurudumu linazidi hapa?"