Risasi Zisizokwama

Tangu kila nyumba ilazimishwe kuwa na bastola, Mangi alipanga risasi dukani kando ya unga wa sembe. Mteja wake mmoja, Sikudhani, alitaka zenye ncha iliyotobolewa, zinazokomea mwilini.

"Hizo kwenye bastola yako zinakwama, dada. Jana umejaribu kumi, nne zimegoma. Mwizi atakusubiri uzichokonoe?"

"Na hizi zenye ncha ya mviringo?"

"Zinateleza kama mlenda. Ila zinampenya mtu, zinapenya na ukuta."

Nyuma ya ukuta wa sebule ndiko alikolala Tunu, bintiye Sikudhani wa miaka minne. Sikudhani akanunua za mviringo, akarudi nyumbani, akahamishia kitanda cha mtoto jikoni.

"Mama, kwani chumbani kuna nini?"

"Joto, mwanangu."

Ukuta wa jikoni ulipakana na sebule ya jirani, naye juzi alinunua za mviringo.