Bata Bukini Mwenye Almasi

Raisa Kazimirovna, mcheza baleti wa siku nyingi, alicheka mpaka akashika ufito wa mazoezi ukutani asije akaanguka.

"Jamani, njooni mwone! Tikhon, umeua! Umeua kabisa, baba!"

Katuni ilikuwa imebandikwa pale zilipobandikwa zote msimu ule, juu ya sanduku la sandarusi wanayopaka viatu wasiteleze. Tikhon Sergeyevich, mchezaji mwenzao, alikuwa na ugonjwa wa kuchora watu, na jumba zima la baleti pale Petersburg lilimwogopa kuliko mkurugenzi. Majina hakuandika kamwe. Aliyechorwa ajijue mwenyewe.

Safari hii alikuwa amechora bata bukini. Shingo ndefu, pua imeelekezwa mbinguni, kavaa matambara ya kijakazi huku almasi zikining'inia masikioni, shingoni, mpaka kwenye vifundo vya miguu. Sketi yake peke yake ilikuwa imewasukuma wachezaji wengine wote nje ya jukwaa. Mwanamume aliyembeba alionekana vidole tu.

"Aglaya huyu!" Raisa alisema akifuta machozi. "Aglaya mtupu! Hiyo pua angalieni!"

Wasichana wa safu ya nyuma walitazama viatu vyao, na mmoja akapaliwa. Raisa aliwaonea huruma. Maskini, wanamwogopa Aglaya na ulimi wake.

Tikhon alikuwa amesimama karibu na mlango, mguu mmoja ndani, mwingine nje. "Kwa hiyo hujakasirika, Raisa Kazimirovna?"

"Nikasirike, nina wazimu? Naomba uniachie niichukue."

"Chukua, mama. Chukua tu," alisema Tikhon, akajifuta jasho.

Hapo ndipo Aglaya mwenyewe alipoingia, kijana, mwepesi, kipenzi cha magazeti. Aliitazama katuni, akamtazama Raisa aliyeishika kifuani, akageuka ghafla kuelekea ukutani, mabega yakimtikisika. Lia, mwanangu, lia, Raisa alisema moyoni. Utazoea.

Raisa tusimwonee, alikuwa na sababu. Kulikuwa na Mfaransa mmoja, Delorme, tajiri wa maonyesho, aliyekuwa akitafuta nyota wa kuongoza msimu wa Kirusi kule Paris. Nyota mmoja tu, basi. Na Raisa alikuwa amebakiza muda mfupi apewe pensheni, shada la maua na kwaheri ya kuonana. Akiikosa Paris hii, kwisha habari yake. Kazi itakayobaki ni kufuga paka na kuwachosha wageni kwa hadithi. Naye Delorme hakuwa amemwona hata mmoja wao. Alichokuwa akisikia kutoka Petersburg kilikuwa Aglaya, Aglaya, Aglaya. Raisa alikuwa halali kwa wivu.

Sasa silaha kaipata. Mtu wa kuipeleka pia alikuwapo: Jenerali Drozdov, aliyekuwa akimpenda kutoka kiti cha safu ya kwanza tangu enzi zile ana nywele. Wiki hiyohiyo alikuwa anakwenda Ufaransa kutibiwa figo.

"Mpe Delorme mkononi," Raisa alimwambia, akimmiminia chai kutoka kwenye samova. "Mwambie, huyu ndiye nyota wetu. Amwone alivyo kabla hajafunga safari ya kuja huku kuchagua."

Jina la Aglaya hakulitaja. La nini, wakati hata kipofu angemtambua?

Jenerali alivaa miwani. Akaitazama katuni, akamtazama Raisa, akairudia katuni.

"Una hakika, roho yangu? Watacheka, ujue."

"Ndicho ninachotaka! Wacheke mpaka wajikojolee."

"Loo!" Jenerali aliuchukua mkono wake akaubusu, macho yamemlowa. "Miaka yote hii, sikujua kabisa kama una moyo mkubwa namna hii."

Raisa aliipokea sifa hiyo bila kuona haya, akamwongezea jemu kwenye chai.

Mwezi mzima alikaa kwa raha zake. Alimpiga Aglaya mabusu mashavuni, akamwita mdogo wangu, akamkumbusha asilale na dirisha wazi. Siku jumba zima lilipokwenda stesheni kumpokea Mfaransa, alijipamba akasimama mbele kabisa, na kwa wema wake mpya akamvuta Aglaya asimame pembeni yake. Watu waone tofauti.

Delorme alishuka kwenye behewa, mnene, pua nyekundu kwa baridi, Jenerali nyuma yake anahema. Mkurugenzi alianza kumtambulisha mtu mmoja mmoja. Mfaransa akampungia mkono anyamaze. Akawapita wanaume, akampita Aglaya kama nguzo ya taa, akapiga goti kwenye theluji mbele ya Raisa.

"Bibi, sihitaji kutambulishwa! Ile pua! Ile shingo! Picha yako iko mezani kwangu tangu Jenerali aniletee. Nilimwambia palepale, wacheza dansi wazuri wamejaa tele, ila mwanamke anayeweza kujicheka hivi sijamwona maishani. Mkataba huu hapa. Ni wewe, sivyo?"

Raisa aliwageukia wenzake. Tikhon alikuwa anatazama angani. Aglaya alikuwa ameuma glavu, mabega yanamtikisika. Hapakuwa na hata mmoja aliyeonekana kushangaa, na hapo ndipo Raisa alipomjua bata bukini yule ni nani.

Akisema siye, Paris ndiyo hiyo imekwenda, na aliyepaswa kuipata amesimama hatua moja tu kutoka hapo.

"Ni mimi," alisema, kwa sauti ambayo hata Jenerali hakuwahi kuisikia.

"Afadhali!" Mfaransa alisema, akipangusa theluji gotini. "Maana picha hiyo tumeshaibandika kila ukuta wa Paris, kubwa kama mlango, na jina lako chini."