Mchango wa Shingo ya Chanceline

Sumaya alikuwa wa kwanza kutia noti katika beseni, na aliishikilia juu kidogo kabla ya kuiachia, ili ufuko mzima wa Magara ujue huruma inakaa nyumba gani.

"Ni kwa ajili ya dada yetu Chanceline," akatangaza. "Aende bamupasue hiyo shingo. Kila mutu atoe!"

Wachuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani, wakatazamana. Tangu lini Sumaya akamwita Chanceline dada? Miaka yote hao wawili walikuwa paka na panya. Pale Magara, mitumbwi inaporudi alfajiri, samaki hauziwi mwenye pesa nyingi wala aliyewahi kuamka. Anauziwa yule ambaye sauti yake imewafikia wavuvi kwanza, wakiwa bado majini. Na sauti ya Chanceline, mama aliyevuka ziwa kutoka Fizi na watoto wake, iliwafikia hata kabla hawajazima taa zao za kuvulia. Sumaya, ambaye mama yake na bibi yake waliuza samaki pale pale ufukoni, aliokota mabaki, akayapeleka sokoni Rumonge na kuyaita biashara.

Bahati yake ilikuwa moja tu. Chanceline alikuwa na rovu, uvimbe wa shingo uliokua mpaka ukamkaba koo. Akiita mara mbili, ya tatu pumzi hukata, akainama kushika magoti. Hapo ndipo Sumaya alipochomeka sauti yake. Usiku Chanceline alilala ameketi, mgongo ukutani, maana akilala chali hewa haikupita. Madaktari wa Bujumbura walishamwambia uvimbe utolewe kabla haujamnyonga. Sumaya aliyajua yote hayo, wala hayakuwahi kumkosesha usingizi.

Mpaka siku ile Domitille, muuza chai wa pale ufukoni, alipommiminia kikombe na kumnong'oneza: "Banasema bakitoa ile kitu ya mu shingo, na sauti inaendaka nayo. Mutu anabakia ananong'ona tu, mpaka kufa."

Ndipo huruma ilipompata Sumaya. Ilimpata ghafla, kama homa.

"Masikini!" alisema. "Na bado hajaenda?"

Wenzake nao, kila Domitille alipowamiminia chai na habari ile, mioyo ikalainika. Beseni likazunguka. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na juma lile Chanceline alikuwa na marafiki wengi kuliko mgombea anayegawa sukari.

Tatizo likawa mgonjwa mwenyewe.

"Murakoze sana," alishukuru Chanceline, macho chini. "Lakini minaogopa, dada Sumaya. Sauti yangu ndiyo inalisha batoto. Acha nibakie vile niko."

"Sauti ni nini mbele ya uhai?" Sumaya akauliza kwa uchungu mkubwa. "Mungu si alikupa na mikono?"

Chanceline akasita. Wakaongeza pesa ya dawa. Akasita tena, akasema hata akienda, batoto batakula nini? Wakaapa kuwalisha. Akasita mara ya tatu, akilitazama ziwa kwa huzuni, na Sumaya akakimbia nyumbani akarudi na godoro lake jipya kichwani, maana mtu aliyetoka kupasuliwa hawezi kulala mkekani. Hapo Chanceline akafuta machozi, akakubali. Ufuko mzima ukashusha pumzi.

Alipasuliwa Bujumbura, kisha akapumzika kwa dada yake kule Kabezi. Majuma hayo yalikuwa matamu. Sumaya aliita mitumbwi kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi, na mitumbwi ikaja. Alipaka nyumba rangi. Alianza hata kutembea polepole.

Chanceline akarudi na kovu jembamba shingoni na kidonge cha kumeza kila asubuhi kabla ya kula, maisha yake yote. Na sauti? Kweli ilikuwa ya kunong'ona, yenye kukwaruza. Sumaya alimkumbatia mbele za watu.

"Usijali, dada yangu, nitakuwa ninakuitia," alisema, na machozi yakamtoka. Yalikuwa ya furaha, lakini machozi hayana rangi.

Majuma mengine yakapita, Chanceline akikaa kimya kando ya jiko la Domitille. Kisha alfajiri moja mtumbwi wa mvuvi Mulamba ulitokeza, umejaa mpaka maji yanachungulia ndani. Sumaya akajaza kifua. Kabla hajatoa neno, mwito ukaruka juu ya kichwa chake kutoka nyuma.

"Mulamba eee! Leta hapa!"

Ukafuata wa pili. Wa tatu. Wa nne, wa tano. Pumzi haikukata, wala hakuna aliyeshika magoti. Koo lililokuwa limekabwa sasa lilikuwa wazi, na Sumaya hakupata upenyo wa kuchomeka hata kikohozi. Mulamba akageuza mtumbwi.

 Sumaya alikuwa amechanga, amelisha watoto wa watu, na lile godoro bado alikuwa analiota. Akamwendea Domitille kwa hasira.

"Muongo weye! Si ulisema sauti inaendaka? Ni nani alikuambia hayo maneno?"

Domitille akammiminia chai bila haraka.

"Ni Chanceline mwenyewe," akasema. "Alinituma niambie batu bote ba hapa, lakini nianze na weye."